Kila Asubuhi Wanamwamsha

Raphaël Lwamba alikuwa na miezi mitatu kaburini siku foto yake ilipoingia kwenye telefone ya Madame Jeanine.

Ilikuwa saa tisa ya mchana. Jeanine, mwalimu wa fizikia pale Kabambare, alikuwa amepanda kilima cha nyuma ya shule, mahali ambapo rezo, mtandao wa simu, haikatiki, akingoja ujumbe wa mkaguzi. Telefone ikatetemeka mkononi. Jina lililojitokeza lilikuwa Raphaël Lwamba, na chini ya jina ile picha aliyokuwa ameizoea kwa miaka miwili: uwanja mweusi, na juu yake vidoa vidogo vya mwanga vimepangwa. Chini kabisa maneno yaleyale ya kila siku: "Yambo Madame. Tumeamuka."

Akakaa juu ya jiwe. Alisoma tarehe mara nne. Ilikuwa tarehe ya siku hiyo.

Raphaël alikuwa mwanafunzi wake. Alitoka Wamaza, mtoto wa pili wa Mama Marie-Thérèse, mjane anayelima muhogo na mpunga, ambaye watu wote wanamwita Mama Octave kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Octave aliacha shule mapema akaenda Salamabila kuchimba dhahabu. Raphaël alipofika miaka kumi na sita naye akafunga kifurushi amfuate kaka yake. Jeanine alipanda pikipiki hadi Wamaza, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya tatu ndiyo alisema neno ambalo baadaye lilimrudia usingizini: "Mama Octave, umeshatoa mutoto mumoja kwa shimo. Huyu uniachie mimi."

Mama alimwachia. Raphaël akasoma Kasongo, akasoma Kisangani, akapata bursi, ufadhili wa masomo, ya kwenda Ufaransa. Huko akaingia labo, maabara moja inayojenga kompyuta ya namna mpya, isiyotumia nyaya na vipande vya silikoni bali atomu zenyewe, atomu zisizo na chaji yoyote. Alimwelezea mwalimu wake kwa sauti, akicheka kwenye telefone: "Madame, zile atomu ulikuwa unachora na chaki, leo nimeshika moja! Tunazipiga na mwanga wa laser mpaka zinachoka kukimbia, zinakuwa baridi kupita kitu chochote unajua. Halafu tunashika kila moja na kibano cha mwanga, tunaiweka mahali tunataka. Kompyuta ya kawaida inajua ndiyo ao hapana. Atomu yangu inaweza kubeba ndiyo na hapana pamoja, mpaka siku utaitazama."

Tangu hapo foto ilikuja kila siku; ilitumwa asubuhi, ila rezo dhaifu iliifikisha kilimani saa tisa. Jeanine aliamini kijana huyo anaituma kwa mkono wake, kila asubuhi, kabla ya kazi.

Kisha ikaja Februari yenye ukungu. Raphaël alikuwa akienda labo kwa baiskeli, lori likamgonga njiani. Wenzake wakamzika hukohuko. Barua yao ilimfikia Jeanine, na Jeanine ndiye aliyeipeleka Wamaza. Alimkuta Mama Octave akitwanga. Mama hakuweka mchi chini.

"Nani aliona maiti?" aliuliza.

"Wenzake wa kazi, mama."

"Mimi sikuona." Akaendelea kutwanga. "Siwezi kulilia mutu sikuona."

Hakukuwa na matanga. Hakuna aliyenyoa nywele, hakuna aliyelala uwanjani. Majirani walipita wakinong'ona, wakachoka, wakanyamaza. Na zile foto zikakoma kuja, jambo ambalo Jeanine aliliona la haki, mpaka mchana ule wa Mei pale kilimani.

Kesho yake foto ikaja tena. Na kesho kutwa. "Yambo Madame. Tumeamuka."

Jeanine hakuwa mtu wa kuogopa vivuli. Miaka ishirini na mbili alikuwa amewafundisha watoto wa watu kwamba kila tukio lina sababu yake. Alijua kuna mashine mahali fulani, na mashine haifi kwa sababu mtu amekufa. Angeweza kuwaandikia watu wa labo barua moja tu, aulize. Hakuandika. Siku zikapita, akajikuta anamaliza vipindi kwa haraka ili awahi kilima. Siku moja, bila kujua kwa nini, alijibu: "Yambo Raphaël." Siku nyingine akaandika: "Uko wapi?" Akakaa mpaka jua likateremka. Hapakuja kitu. Kesho yake saa tisa: "Yambo Madame. Tumeamuka."

Alitaka kulificha jambo hili kwa Mama Octave. Lakini mama alikuwa akija Kabambare karibu kila Ijumaa, kununua chumvi na sabuni, na hakurudi bila kupita kwa mwalimu kuuliza kama kuna habari. Ijumaa moja alimfuata hadi kilimani, akihema, kitenge kimefungwa kiunoni. Telefone ikatetemeka mbele ya macho yake.

"Nani huyo?"

Jeanine alitafuta uongo, akaukosa.

Mama alitazama jina. Alijua kusoma jina la mtoto wake. Hakushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Jeanine zaidi. "Si nilikuambia?" alisema polepole. "Iko kazini."

"Mama, si yeye. Ni masini."

"Masini inajua kusema yambo?"

Kuanzia hapo alikuja kila Ijumaa bila kisingizio cha sabuni. Walikaa wawili juu ya jiwe, wakingoja, kama watu walio mlangoni mwa chumba cha mgonjwa. Foto ikifika, mama aliishika telefone kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu, akairudisha, akateremka kilima. Nyumbani Wamaza, watu walisema, alianza tena kufagia nyumba ya Raphaël, ile ndogo ya matofali aliyoijenga kabla ya kusafiri, na kuacha mlango wazi mchana.

Mwezi wa tisa, Ijumaa moja baada ya mvua, mama hakuirudisha telefone. Aliisogeza karibu na macho, akaanza kugusa kioo kwa kidole.

"Hii ni kwetu," alisema.

"Wapi?"

"Kwetu. Wamaza. Angalia. Hapa nyumba yangu. Hapa jikoni. Huu mustari ni michikichi ya njia ya mutoni, hesabu, iko saba. Hapa kwa Octave. Huku peke yake ni kaburi ya baba yao." Kidole kikasimama. "Na hapa ni nyumba ya Raphaël. Sababu ya nini iko giza?"

Jeanine aliinama. Kwa miaka yote hiyo alidhani ni mchoro wa majaribio tu, vidoa thelathini na kitu vilivyopangwa ovyo. Sasa aliuona uwanja wa Wamaza kama mtu aliyepanda juu angani: nyumba, jikoni, michikichi, kaburi. Na pale kidole cha mama kilipokuwa, palikuwa na nafasi. Mpango wote ulidai kidoa mahali hapo, na hapakuwa na kitu.

Akarudi nyuma kwenye foto za zamani. Januari, kidoa kipo. Mwanzo wa Februari, kipo. Kisha ile miezi mitatu ya ukimya. Mei, hakipo. Juni, Julai, Agosti, kila siku bila kukosa, atomu zote zinawaka isipokuwa hiyo moja.

Alizima telefone, kisha akajisikia vibaya kwa kuizima, kama mtu aliyemfungia mwenzake nje.

Usiku huohuo aliwaandikia barua watu wa labo.

Jibu lilitoka kwa mwanamke aitwaye Estelle, aliyefanya kazi meza moja na Raphaël. Liliandikwa kwa Kifaransa. Alisema hawakujua kama foto zinakwenda mahali popote. Alisema kuna jambo ambalo yeye na wenzake wanatamani kumwuliza mama, ila hawakujua wampate vipi. Wangeweza kuzungumza?

Rezo ya Kabambare haiwezi kubeba sura ya mtu, kwa hiyo walikwenda Kasongo, pikipiki mbili, siku nzima ya matope. Kijana aitwaye Radjabu alikuwa na chumba cha intaneti chenye dishi juu ya bati. Aliwafungulia ordinateri, kompyuta yake, asubuhi, akawavutia viti, akatoka nje bila kuambiwa.

Estelle alikuwa na umri wa Raphaël, macho mekundu. Nyuma yake ilionekana meza ndefu iliyojaa vioo vidogo na skrubu. Jeanine alitafsiri.

"Mama," Estelle alisema, "kila asubuhi kabla ya kazi lazima tuipime mashine. Tunaiamuru ikamate atomu na kuzipanga mahali fulani, tuone kama inatii. Amri hiyo aliiandika Raphaël, na yeye ndiye aliyechagua umbo. Tulipomuuliza ni nini, alisema ni nyumbani. Baada ya kupima, mashine yenyewe inatuma foto na yale maneno. Alipokufa tuliizima mashine kwa miezi mitatu. Tulipoiwasha tena, amri yake ikaamka pamoja nayo. Tulipaswa kuifuta. Kila mtu alimwachia mwenzake. Mpaka leo."

"Kwa hiyo si yeye anatuma," mama alisema.

"Si yeye, mama."

"Na ile giza?"

Estelle aligeuka kuitazama ile meza. "Ile nafasi iko pembeni kabisa, mwanga ukifika kule unakuwa dhaifu. Kuna kioo kimoja ambacho lazima kigeuzwe kidogo sana. Raphaël alikuwa akikigeuza kwa mkono kila wiki, hakuandika popote jinsi anavyofanya. Sisi tumejaribu, imeshindikana. Atomu ikiwekwa pale, haikai."

Mama alisikiliza mpaka mwisho wa tafsiri. Uso wake haukubadilika, lakini Jeanine aliona vidole vyake vinakunja pindo la kitenge, vinalikunjua, vinalikunja.

"Muulize hivi. Zile taa, ni zile Raphaël alishika?"

"Hapana, mama. Kila mara tunakamata atomu mpya. Zinakaa muda mfupi tu, halafu tunaziachilia, tunakamata nyingine."

"Utajua aje kama ni nyingine?"

"Hatuwezi kujua. Zinafanana kabisa. Hakuna mtu duniani anaweza kuitofautisha moja na mwenzake."

"Watoto hawafanane hivyo," mama alisema, na Jeanine akatafsiri.

Estelle akafuta macho. Kisha akasema kitu ambacho huenda hakuwa amekipanga. Atomu zote hizo, alisema, zinatoka kwenye kipande kimoja cha madini laini kinachoitwa rubidi, kilichofungiwa ndani ya mashine. Kipande hicho kiliwekwa miaka minne iliyopita, kabla hawajaifunga, na aliyekiweka ni Raphaël. Bado hakijaisha.

"Ni kikubwa namna gani?" mama aliuliza.

"Kama punje ya mchele."

Mama alitazama kiganja chake kama kwamba punje hiyo iko pale. Kwa mara ya kwanza tangu Februari, tangu siku ile ya kinu, machozi yakamtoka, bila sauti, yakateremka mpaka kidevuni. Hakuyafuta.

"Walitaka kuniuliza nini?" alisema.

"Wanakuomba ruhusa," Jeanine alitafsiri. "Kama amri yake wafute ao waiache. Wako tayari kuiacha hata miaka yote, kama wewe unapenda."

Nje pikipiki zilikuwa zikipita na honi zao. Mama Octave alinyanyuka, akasogea mpaka uso wake ukajaa kwenye kioo, akamzungumzia yule mzungu moja kwa moja kwa Kiswahili, kama anayezungumza na binti wa jirani.

"Mwanangu, mimi nilifikiri ni yeye anakataa kwenda. Kumbe ni sisi. Kila asubuhi munamuamusha. Munamutuma apange nyumba ya mama yake, na yake mwenyewe haina taa, na kesho munamuamusha tena. Na mimi kila Ijumaa napanda kilima kumungoja. Mutu akishakufa hawamutumi kazi. Mumuache alale."

Jeanine alitafsiri neno kwa neno. Estelle aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Akaomba dakika moja, akainama kwenye kibao chake cha herufi. Walisikia vidole vyake vinagonga, vikasimama, vikagonga tena mara moja.

"Imekwisha," alisema.

Hakuna kilichotokea. Vioo vilikuwa vilevile nyuma yake. Mama alisema aksanti, akatafuta ndala zake.

Jeanine aliporudi Kabambare hakwenda kilimani siku mbili. Siku ya tatu alilazimika, kwa kazi ya shule. Telefone ikatetemeka. Raphaël Lwamba. "Yambo Madame. Tumeamuka." Kabla hajapumua ikatetemeka tena: ya pili, ileile, nyumba na michikichi, na lile giza pembeni. Alipiga kelele peke yake pale juu. Alimwandikia Estelle, na Estelle akajibu jioni kwamba hizo ni za siku mbili kabla ya kufuta, zimekwama njiani, rezo imezishikilia. Jeanine alitazama tarehe. Ilikuwa kweli. Aliamini, na hata hivyo usiku huo aliacha taa ikiwaka mpaka batri ikaisha. Kwa mama hakusema neno.

Matanga yalifanyika Wamaza mwezi wa kumi. Kwa kuwa mwili haukuwepo, familia ilikubaliana izike shati lake la shule na daftari moja, karibu na baba yake, ili mama awe na mahali pa kupeleka macho. Octave alikuja kutoka Salamabila na wachimbaji watatu, wamejaa vumbi jekundu. Jeanine alikuwa amemwona Octave mara mbili tu maishani. Alikuwa mwanaume mkubwa, mpole, mwenye kikohozi. Alikataa mtu yeyote asishike jembe. Kaburi la mdogo wake, alisema, atalichimba yeye.

Alianza asubuhi. Udongo ulitoka kwa mpigo mmoja usiobadilika, kama wa mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo siku zote. Alifika kiunoni. Alifika kifuani. Watu walikuwa wakiimba nyimbo za kanisa, hawakuangalia. Shemasi François, aliyekuja kuongoza sala, alichungulia, akasema inatosha. Octave hakusikia. Akazama mpaka kichwa. Udongo uliendelea kuruka kutoka shimoni, halafu ukapungua, kisha ukaacha kuruka, ingawa sauti ya jembe iliendelea.

Jeanine alifika ukingoni, akatazama chini. Octave alikuwa amepiga magoti. Hakuwa akichimba kwenda chini tena. Alikuwa akichimba ubavuni, kuelekea nje ya uwanja, jinsi wachimbaji wanavyofuata mshipa wa dhahabu, na mabega yake yalikuwa yameshaingia ndani ya tundu.

Nyimbo zikafa moja moja.

Mama Octave alikuja, akapiga magoti kwenye udongo mbichi. "Octave. Unatafuta nini?"

Sauti ikatoka ndani ya ardhi, tulivu kabisa. "Nakaribia, mama."

Mwanamke mmoja akaanza kuomba kwa sauti. Ukingo wa shimo ulimeguka kidogo chini ya magoti ya mama, lakini hakurudi nyuma. Wale wachimbaji watatu walitazamana. Walijua tundu kama lile lisilo na magogo ya kulishikilia linavyoporomoka.

"Mudogo wako iko mbali," mama alisema. "Ufaransa. Hautamufikia hivyo. Wewe toka. Nakutaka hapa juu, unasikia? Octave, mutoto wangu. Toka."

Jembe likanyamaza. Kisha mabega yakarudi nyuma, na uso wake, mwekundu wa udongo, ukageuka juu kwenye mwanga kama uso wa mtu asiyejua yuko wapi. Jeanine akalala kifudifudi akanyoosha mkono. Wachimbaji wakamshika mwalimu miguu. Mkono wa Octave ulikuwa baridi kama wa mtu aliyetoka mtoni.

Walipomtoa alikaa pembeni. Wanaume walianza kuziba lile tundu la ubavuni na kurudisha shimo kwenye kina cha kaburi. Jeanine alimletea maji. Alikunywa yote, akakohoa, halafu akamtazama machoni.

"Madame," alisema, "kama ungenijua mimi kwanza, na mimi ungenikataza shimo?"

Jeanine alikuwa amejiandaa kwa lawama kwa miezi yote hiyo. Alikuwa amejiandaa kuambiwa kwamba mtoto aliyemwokoa kutoka Salamabila, yeye ndiye aliyempeleka akafe mbali, bila mama, chini ya ukungu. Swali hili hakuwa amejiandaa nalo.

"Ndiyo," alisema. Kisha, kwa kuwa hiyo haikutosha: "Lakini sikuuliza. Nilikuja hapa mara tatu, na mara zote tatu sikuuliza habari yako."

Octave aliitikia kwa kichwa, polepole, bila hasira. Akamrudishia kikombe.

Shati na daftari viliteremshwa ndani ya kisanduku cha mbao. Shemasi alisali. Mama Octave alirusha udongo wa kwanza, na alipousikia unaanguka juu ya ubao alifungua kinywa na kulia kwa sauti iliyokuwa imengoja miezi minane, sauti iliyowafanya kuku wakimbie na watoto wafiche nyuso. Wanawake wa Wamaza wakaipokea. Octave alisimama kwa shida, akachukua jembe lake. Jeanine akaliomba la pili kutoka kwa mmoja wa wachimbaji, akavua viatu, na wawili hao wakaanza kufukia.